Tambi Zimekunywa Mchuzi Wote

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu amekuja likizo na hadithi za kare udon, zile tambi nene za Kijapani kwenye mchuzi wa binzari. Nikamchemshia tambi za pakiti humo humo kwenye supu ya kuku, nikatia binzari na tui la nazi. Kufika mezani, tambi zimekunywa mchuzi wote, bokoboko tupu. Jirani anasema bila samaki wao mkavu wa Kijapani nisijisumbue. Ni kweli?
Mama wa Watatu, Pasiansi, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani yako ana nusu ya ukweli. Supu yao ya msingi, dashi, mara nyingi hutokana na katsuobushi, yaani samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa mpaka akawa mgumu kama ubao. Lakini nyumba nyingi za huko hutumia niboshi, visamaki vidogo vilivyochemshwa na kukaushwa. Sasa wewe unakaa Pasiansi, soko la samaki la Mwaloni Kirumba liko jirani, halafu ulilie samaki mkavu?

Nunua dagaa walioanikwa kwenye chanja. Wale wa mchangani watakukwaruza meno hata uwaoshe mara saba. Chukua viganja viwili, kaa kibarazani, uwatoe vichwa mmoja mmoja. Ukivuta kichwa taratibu, utumbo mweusi unakifuata. Ni kazi ya kuudhi, najua, ila uchungu wote wa supu umo humo. Wakaange bila mafuta mpaka wanukie, waloweke nusu saa kwenye lita moja na nusu ya maji, kisha wachemke dakika kumi kwa moto mdogo. Chuja.

Kaanga kitunguu na nyama iliyokatwa nyembamba, tia vijiko viwili vya binzari ya mchuzi igeuke kidogo kwenye mafuta, ndipo umimine supu. Ongeza sosi ya soya vijiko vinne na sukari kimoja. Tui liache kwa wali. Binzari ilifika Japani kupitia Waingereza, enzi za Meiji (1868–1912), na nazi haikuwa kwenye msafara huo.

Uzito wa mchuzi ni wanga, unaotiwa mwishoni. Mimi mara ya kwanza nilitia unga wa udaga, nyumba nzima ikauliza kuna nini kimeoza. Wao hutumia wanga wa viazi, na huo unautengeneza mwenyewe: kwaruza viazi mviringo vinne, kamulia kwenye bakuli la maji, acha nusu saa. Mwaga maji polepole. Chini utakuta kitu cheupe kimeganda kama chokaa. Kikoroge na maji baridi kidogo, mimina kwenye mchuzi unaochemka huku unakoroga. Mchuzi utang'aa, na utakaa na joto kuliko unavyodhani, kwa hiyo watoto wapoozee kwanza.

Tambi sasa. Kosa lako lilikuwa kuzipika ndani ya mchuzi. Zipike peke yake kwenye maji mengi, zisuuze kwa maji baridi ule utelezi utoke, ziingie bakulini wakati wa kula. Tambi za pakiti zinafaa, lakini ukitaka udon hasa: unga wa ngano gramu 400, maji mililita 180, chumvi gramu 20. Hakuna yai. Donge litakuwa kavu, litakataa mikono, usiongeze maji. Litie kwenye mfuko safi wa nailoni, funika kitambaa, mpe mdogo wako alikanyage kwa miguu. Wajapani wenyewe hufanya hivyo. Lipumzike saa mbili, sukuma, kata nene, chemsha dakika kumi hadi kumi na mbili.

Halafu jifungeni khanga kuukuu shingoni. Tambi hizi huvutwa kwa mdomo, na manjano ya binzari kwenye blauzi nyeupe hayatoki.