Kisa Kikikataa Kuchekesha

Ilikuwa Jumatano, saa saba usiku. Kisa kilitakiwa kwa mhariri kesho yake saa nne asubuhi, na mbele yangu palikuwa na sentensi moja: "Mzee Kibwana alikuwa mtu wa vituko sana." Nikaifuta. Nikaiandika tena, nikaongeza "kupindukia".

Wewe unayeanza kazi hii, hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Ukijikuta unamwambia msomaji kwamba fulani ana vituko, basi kituko chenyewe huna.

Visa vya kuchekesha nimeviandika miaka 16 sasa, vingi vikiwa vya gazeti la mwisho wa wiki. Miaka ya mwanzo niliamini kukwama ni kuishiwa vichekesho, kwa hiyo nilikuwa na daftari la maneno niliyoyadokoa kijiweni na kwenye daladala. Nikikwama nachomoa kimoja, nachomeka. Kisa kinatoka kama shuka la viraka. Siku moja mzee mmoja wa kahawa alinirudishia gazeti mkononi: "Hiki cha kondakta na kuku tulikicheka mwaka juzi, mwanangu. Na kuku mwenyewe alikuwa mnono kuliko huyu."

Usiku ule wa Jumatano nililiacha daftari. Nikajiuliza: huyu Kibwana leo anataka nini, na anaficha aibu gani? Jibu likaja la kawaida kabisa. Anataka kuonekana mtu mbele ya wakwe, na suti hana. Ameazima kwa jirani yake Shomari. Kufika ukumbini, Shomari naye kaalikwa, tena wamepangwa meza moja.

Kuanzia hapo sikutafuta tena. Shomari ni muungwana, hawezi kumwaibisha mwenzake. Anachofanya ni kusogeza bakuli la mchuzi mbali na kifua cha Kibwana kila linapopita. Anamnong'oneza: "Ndugu yangu, mkono usiinue sana, kwapa nililishona juzi." Halafu mshereheshaji anamwita Mzee Kibwana aje atoe nasaha, na ukumbi mzima unashangaa kumwona mzee anahutubia mikono imembana mbavuni kama askari wa gwaride, huku mgeni mmoja kule nyuma akifuata kila kitufe kwa macho.

Ukitazama, hakuna utani mle. Kuna watu wawili wenye shida ya kweli na suti moja.

Hili si jambo jipya, tumelelewa nalo. Abunuwasi aliazima sufuria, akairudisha na kisufuria kidogo ndani, akasema imezaa. Mwenyewe akapokea kwa furaha. Akaazima tena, safari hii akasema imekufa. Kwa kadhi mambo yakawa wazi: ukikubali kinazaa, ukubali na kufa. Irudie hadithi hiyo taratibu uone kama kuna mtu anayejaribu kuchekesha. Mwenye sufuria ana tamaa yake, Abunuwasi ana hoja yake, na kila mmoja yuko makini kuliko hakimu.

Jambo lingine ni watu wako. Wahome Mutahi wa Kenya, aliyefariki 2003, aliwachekesha wasomaji kwa takriban miaka 20 na familia ileile ya safu yake ya Jumapili: baba mpenda baa, mkewe aliyeitwa Thatcher, na watoto wao. Katikati ya miaka hiyo, 1986, alitiwa gerezani. Alipotoka, nyumba aliyoijenga kwenye karatasi ilikuwa bado inamngoja. Mwandishi anayebuni watu wapya kila wiki anajichosha bure. Mimi ninao sita, nawajua madeni yao.

Madeni hayo hunisaidia nikikwama kweli. Simwandiki mhusika, namwachia aandike barua ya kujitetea. Kibwana alimwandikia mwenyekiti wa vikoba:

"YAH: KUCHELEWA KUREJESHA MKOPO. Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mzima, isipokuwa fedha."

Nusu ukurasa wa hiyo, na sauti yake imenirudia masikioni. Barua yenyewe mara nyingi naitupa.

Kuhusu kumngoja mhariri akukimbize, sishauri. Mwingereza Douglas Adams alichelewesha riwaya mpaka mhariri wake akahamia naye hotelini London ili aimalize. Mimi katika miaka yote hii sijapata mhariri wa kunilipia hata chai.

Lakini kuna kukwama kusikotaka mbinu. Mama alipofariki, kalamu ilikataa. Niliomba mapumziko kwa mkubwa mmoja wa gazeti, simtaji, akaniambia ukurasa hauwezi kutoka mweupe. Nikakaa siku tatu. Kila nikianza, Kibwana ananitazama tu kama mtu aliyekuja kutoa pole na hajui aseme nini.

Mwishowe niliandika kilichotokea matangani. Baba mdogo alikuwa amekabidhiwa daftari la michango, na kwa uaminifu wake aliandika kila kitu: mchele kilo 50, mkaa gunia mbili, "Bi Mwanaidi, machozi mengi, hajachanga". Siku ya kufunga hesabu akalisoma hadharani, mstari kwa mstari, kwa sauti ya mwalimu mkuu. Alipofika kwa Bi Mwanaidi, bibi wa watu akainuka, akafungua fundo la kanga, akahesabu elfu tano mbele ya wote, akasema, "Na hayo machozi yafute humo, nitayahitaji kwenye msiba wako."

Nililia nikiandika. Kiliwahi saa nne.