Mkono wa Kushoto: Niliyojifunza kwa Bill Evans

Wengi wetu tulianza kupapasa kinanda kanisani, ambako mkono wa kushoto ndio unaobeba besi, na tabia hiyo tunaingia nayo kwenye bendi ya jazi tukisahau kwamba yupo mtu mwingine amesimama pembeni kwa kazi hiyohiyo. Mimi nilikaa karibu miaka miwili nikimfunika mpiga besi wetu kwa noti zangu nzito, naye kwa uungwana wake hakusema neno; alipunguza sauti tu. Aliyenizibua masikio ni Bill Evans, mpiga piano wa Marekani aliyezaliwa Plainfield, New Jersey, mwaka 1929.

Chukueni kodi (noti kadhaa zinazobonyezwa kwa pamoja) ya D maina. Badala ya kuanza na D yenyewe, mkono wa kushoto ubonyeze F, A, C na E, karibu na katikati ya piano. Mkitaka kwenda kodi ya G, teremsheni C peke yake hadi B, vidole vingine vitatu vibaki palepale. D haikuguswa, wala G, kwa kuwa noti hizo mmemwachia mpiga besi. Mkifanya zoezi hili peke yenu chumbani, kodi zitasikika kama zinaelea, nanyi mtatamani kurudia mtindo wa zamani. Vumilieni hadi siku ya mazoezi ya bendi.

Matunda yake yanasikika katika rekodi za Jumapili, Juni 25, 1961, ambapo Evans alipiga katika klabu ya Village Vanguard, New York, pamoja na Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye dramu. Kwa kuwa chini kuna nafasi, LaFaro hashiki mapigo tu, bali anapanda, anajibu, na pengine anaongoza, huku milio ya glasi na maongezi ya wateja vikisikika nyuma yao. Siku 11 baadaye LaFaro alifariki katika ajali ya gari akiwa na miaka 25, na Evans akakaa miezi kadhaa bila kupiga hadharani.

Wapo wanaodhani heroini ndiyo iliyompa Evans ule ulaini wa upigaji wake. Si kweli: alihitimu masomo ya piano chuoni Louisiana mwaka 1950, kabla hajanasa, na dawa za kulevya zilichangia kumwondoa akiwa na miaka 51 tu.

Zihamisheni kodi hizo mbili katika funguo zote 12, yaani mkizianzisha kwa kila moja ya noti 12 za piano, taratibu, na mwambieni mpiga besi mapema kwamba mnamwachia nafasi. Wangu alidhani nimesahau wimbo.