Usiliwashe kwa kidumu

Kama una gari la zamani unalolifufua uani, nianze kwa kukusimulia habari ya ndege.

Februari 1947, ndege ya kivita ya Marekani aina ya B-29, jina lake Kee Bird, ilitoka Alaska kwenda kupeleleza kaskazini kabisa mwa dunia, ikapotea njia. Mafuta yakiwa ukingoni, rubani akaitua juu ya ziwa lililoganda huko Greenland. Watu wote 11 wakaokolewa siku chache baadaye. Ndege ikaachwa pale karibu miaka 50.

Mwaka 1994 rubani wa mashindano Darryl Greenamyer akaifuata na kundi dogo la mafundi. Walipeleka injini nne zilizokarabatiwa, propela na tairi, wakazifunga nje kwenye baridi ile. Fundi mkuu, Rick Kriege, akaugua kazini, akaondolewa, akafariki. Majira ya baridi yakawafukuza. Mei 1995 wakarudi. Injini zote nne zikanguruma, ndege ikaanza kutembea juu ya barafu ili iruke.

Nyuma, upande wa mkiani, kulikuwa na kiinjini kidogo cha kuzalisha umeme, kimewekewa tangi la mafuta la kuungaunga. Kiliachwa kinawaka wakati ndege inadundadunda kwenye theluji. Tangi likavuja, moto ukashika. Watu wote walitoka hai, lakini ndege iliungua mbele ya macho yao. Leo B-29 zinazoruka duniani ni mbili tu.

Niliposoma habari hiyo nilifunga simu nikatoka nje. Tangi la kuungaunga mimi nalijua kwa jina lake: kidumu.

Land Rover ya marehemu baba niliifufua kwa miaka minne, kila Jumapili. Breki, giaboksi, nyaya zote upya. Tangi likawa linavuja, nikalipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Nikachoka kusubiri. Nikafunga kidumu cha lita tano karibu na bawaba za boneti kwa mpira wa tyubu, mpira mwembamba ukashusha petroli hadi kabureta. Nilitaka kufika getini tu, majirani waone! Kwenye shimo la kwanza mpira ukachomoka, petroli ikamwagikia egzosi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, ndugu yangu. Inayeyuka kama samli. Na mtungi wa kuzimia moto ulikuwa stoo, nyuma ya magunia ya mahindi.

Kwa hiyo nakuomba: injini isiwashwe mpaka tangi lake lenyewe lirudi mahali pake. Hata dakika moja, hata kwa kujaribu. Kitu chochote ulichokifunga kwa muda kiandike kwa chaki mlangoni, na gari lisisogee mpaka maandishi yote yafutike. Siku ya kuwasha, mtu mmoja ashike mtungi mkononi na asifanye kazi nyingine. Asipige hata picha. Tena awepo mtu unayemheshimu, mwenye ruhusa ya kukuambia "leo basi." Mimi alikuwepo mke wangu, akaniambia, nikamjibu aache woga.

Moto ulikuwa Jumapili. Tangi lilitoka kwa fundi Jumanne, limechomelewa vizuri kabisa.