Uliza Bi Maabara: Biriani ya walima na kongosho lililojila

SWALI: Salaam aleikum Bi Maabara. Dada yangu alikula biriani ya mbuzi kwenye walima hapa Majengo. Usiku ule ule akashikwa na maumivu juu ya kitovu, yanapenya hadi mgongoni, akatapika mpaka alfajiri. Hospitali wakamtoa damu na kumpiga picha, wakasema ana vijiwe vya nyongo na kongosho lake "linajimeng'enya lenyewe". Mama mkwe wake asema ni samli. Jirani asema ni husuda. Kiungo cha mtu kitajilaje? Na biriani ndiyo basi tena?
Mdogo mtu, Majengo

JIBU: Wa aleikum salaam mwanangu, na dada mpe pole. Husuda sina kipimo chake. Samli ina mkono wake, mama mkwe hakukosea sana, lakini mwenye makosa hasa ni jiwe.

Mafuta ya biriani yakishuka kutoka tumboni na kuingia mwanzo wa utumbo mwembamba, seli za pale humwaga kwenye damu homoni iitwayo kolesistokinini. Homoni hiyo hiyo moja hukamua mfuko wa nyongo na papo hapo huliamrisha kongosho litoe vimeng'enya vyake, yaani kemikali za kusaga chakula. Kwa mtu mwenye mfuko safi, chakula kinasagika na maneno yamekwisha. Mfuko wa dada yako ulipokamuliwa, kijiwe kimoja kilisukumwa hadi pale mfereji wa nyongo na mfereji wa kongosho hukutana kabla ya kufungukia utumboni, kikaziba. Na usidhani jiwe kubwa ndilo la kuogopwa zaidi. Vile vidogo ndivyo vinavyopenya na kufika huko.

Sasa hilo la kujila. Kongosho hutoa kiasi cha lita moja na nusu ya maji yake kwa siku, na ndani yake mna vimeng'enya vya kuvunja nyama, wanga na mafuta. Kinachoongoza ni tripsini. Seli haikitengenezi kikiwa wazi. Hukitoa kikiwa tripsinojeni, yaani kisu kilicho ndani ya ala. Ala huvuliwa utumboni, na kimeng'enya kingine kiitwacho enterokinesi.

Ile homoni haiingii ndani ya seli ya kongosho. Hugusa kipokezi kilichoko juu ya utando, na ndani ya seli hutokea kemikali ndogo, IP3, ambayo hufungua akiba ya kalsiamu. Kalsiamu hiyo ndiyo inayosukuma vifuko vya vimeng'enya vimwagike mferejini. Leo jambo hili hufundishwa kuhusu seli za kila aina mwilini, lakini lilionyeshwa kwanza mwaka 1983 kwa seli za kongosho la panya, kazi ya watafiti Streb, Irvine, Berridge na Schulz. Watu hulijua kongosho kwa kisukari tu. Mimi naona limedhulumiwa.

Siri iko kwenye muda. Kalsiamu ya kawaida hupanda kwa sekunde chache, tena upande ule tu wenye vifuko, kisha hushuka. Mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, zimelizunguka eneo hilo: zinaizuia isisambae, na zinatoa nishati ya kuendesha pampu za kuirudisha ilikotoka. Jiwe likiziba, shinikizo hupanda mferejini na nyongo yaweza kurudi nyuma. Kalsiamu hupanda seli nzima na haishuki. Mitokondria hulemewa, nishati hukatika, pampu husimama, na kwa kuwa pampu zimesimama kalsiamu huzidi kukaa. Katika vurugu hiyo tripsinojeni hukutana na kathepsini B, kimeng'enya cha kuvunja taka za seli, nacho huivua ala mle mle ndani. Tripsini ikishakuwa wazi huwaamsha wenzake, seli hufa, na uvimbe hufuata. Hans Chiari, daktari mchunguzi wa maradhi, alikwisha kusema mwaka 1896 kwamba kongosho hujimeng'enya. Namna inavyotokea ndiyo iliyochukua miaka mingi kujulikana.

Walevi wa mnazi kule mangweni wasinicheke. Pombe ikiungana na asidi za mafuta ndani ya kongosho huzaa kemikali zinazopandisha kalsiamu vile vile, bila jiwe lolote. Sigara nayo huongeza hatari.

Damu aliyotolewa dada ilikuwa ya kupima amilesi au lipesi, vimeng'enya vya kongosho vinavyovuja damuni likiumia. Ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, pamoja na maumivu ya aina ile, daktari hana haja ya kubahatisha. Mimi maabara nimeona pia damu ambayo maji yake ni meupe kwa wingi wa mafuta. Hizo ni za kuangaliwa sana, kwa sababu mafuta yenyewe yaweza kuliwasha kongosho, na wakati huo huo amilesi ikasomeka ndogo kuliko ilivyo.

Dawa ya kuizima kalsiamu ile bado haijafika wodini. Atawekewa maji ya mshipa, dawa ya maumivu, na chakula kidogo kidogo mara tu atakapoweza kukistahimili. Lakini msitoke hospitali mkashukuru na kuondoka. Muulizeni daktari wa upasuaji: mfuko wa nyongo utatolewa lini? Kongosho likiwa limeumia kidogo tu, mara nyingi hutolewa kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Ukibaki na vijiwe vyake, walima ujao mtarudi pale pale. Ukishatolewa na tumbo likatulia, biriani atakula. Samli aipunguze, na mama mkwe asiambiwe kuwa nimesema hivyo.

SWALI: Bi Maabara, mwalimu ametufundisha kuwa kalsiamu ikizidi kwenye seli za kongosho huleta maradhi. Niache maziwa?
Mwanafunzi, Tudor

JIBU: La, mamangu, kunywa. Kalsiamu iliyomwagika ndani ya seli haikutoka kwenye kikombe chako. Mwili hupima ile ya damuni kwa ukali na ziada huitoa. Wako wachache ambao kalsiamu ya damu yao hupanda kweli na kuumiza kongosho, na mara nyingi chanzo ni vitezi vidogo vilivyo nyuma ya dundumio shingoni, wala si maziwa. Hao huhitaji kipimo na daktari.