Usiku wa Ijumaa ni usiku upi? Maswali ya waandishi wa riwaya za upelelezi

Nimefika sura ya 9 na mimi mwenyewe simjui muuaji. Niendelee tu, nitamjua mbele ya safari? (Morogoro)

Unaweza, ila ujue kitabu hicho utakiandika mara mbili. Riwaya ya upelelezi ina hadithi mbili: ya muuaji, na ya mpelelezi anayeifukua. Usipoijua ile ya kwanza, ya pili inakuwa kutangatanga.

Weka mswada kando siku 2. Chora safu 3 kwenye karatasi: saa, muuaji alikuwa wapi na alifanya nini, nani angeweza kumwona au kumsikia. Anza siku moja kabla ya mauaji, maliza siku moja baada yake. Safu ya tatu ndiyo itakayokupa mashahidi. Ikibaki tupu toka juu hadi chini, huna kesi, na mpelelezi wako itabidi aoteshwe. Wengi hujiokoa hapo kwa kumfanya muuaji aungame kurasa 6 nzima huku kashika bastola. Msomaji hasamehe.

Rafiki zangu 3 niliowapa mswada wote wamemjua muuaji sura ya 4. Nifiche vipi ushahidi bila kudanganya? (Mombasa)

Usiufiche. Uweke mezani, kisha mgeuze msomaji uso. Njia rahisi ni kukitaja kitu chenye maana katikati ya vitu 3, na cha mwisho kiwe cha kushtua:

*Mezani palikuwa na kikombe cha chai iliyopoa, miwani ya kusomea, na barua iliyochanwa vipande vinne.*

Wote watakimbilia barua. Miwani itasubiri. Sasa rudi sura ya 2, mwonyeshe marehemu akitunga uzi kwenye tundu la sindano kwa mwanga wa kibatari, huku akimteta jirani. Miwani si yake, basi ni ya nani? Ushahidi umekatwa vipande viwili, kila kimoja hakina maana peke yake, na viko mbali. Acha sura 2 au 3 kati yao, si zaidi sana, maana msomaji naye husahau.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuupa ushahidi aya yake peke yake: "Aliitazama ile miwani kwa muda mrefu." Hapo umeshapiga mbiu ya mgambo.

Kiswahili nacho kimekutengea maficho ambayo waandishi wa Kiingereza huhangaika kuyapata. "Alipanda ngazi, akafunga mlango" haisemi ni mwanamume au mwanamke. Mpe mshukiwa jina kama Riziki au Furaha, utasafiri naye kurasa nyingi. Lakini chunga vitenzi na ukoo. Ukiandika "hajawahi kuolewa" umeshamtaja mwanamke. Ukiandika "wifi yake" umewataja wawili kwa mpigo. Siri ya sura 10 huvuja kwa neno la herufi 4.

Daktari wangu anaitazama maiti na kusema: "Ameuawa saa 3 na dakika 20 usiku." Mhariri kaweka alama ya kuuliza. Kosa liko wapi? (Dodoma)

Hakuna daktari awezaye kusema hivyo kwa kutazama. Maiti huanza kukakamaa kwenye taya na shingo, kwa kawaida kati ya saa 2 na 6 baada ya kifo. Ugumu huenea mwili mzima kwa kama saa 12, kisha hulegea taratibu siku zinazofuata. Joto huharakisha mambo yote hayo. Chumba cha bati Dar es Salaam mwezi wa Februari si sawa na nyumba ya Lushoto mwezi wa Julai. Daktari aseme "kati ya magharibi na saa 6 usiku", basi. Dakika kamili zitoke kwenye simu, kamera ya dukani au kwa mlinzi wa getini.

Na kwa mlinzi ndiko kwenye utajiri, hasa akiwa mzee wa pwani. Kwa wazee wengi wa pwani siku huanza jua likizama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Konstebo kijana atauandika kuwa ni Ijumaa usiku. Mshukiwa aliyekuwa harusini Ijumaa, mbele ya watu 200, anaachiwa, na kosa limekaa wazi kwenye maelezo ya shahidi sura ya 5. Ukiitumia mbinu hii, mwonyeshe mzee huyo akihesabu siku hivyo hivyo mapema, kwenye jambo lisilohusu mauaji, tuseme mwaliko wa maulidi. La sivyo msomaji atasema umemchezea rafu.

Mpelelezi awe polisi au raia? (Nairobi)

Raia ni rahisi. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, aliyeingia vitabuni mwaka 1960, ana kiko na akili tu, hadai cheo. Ukichagua polisi, taratibu zinakuja naye: nani anamwita nani afande, nani anasaini nini. Majeruhi Tanzania anahitaji fomu ya polisi iitwayo PF3, kwenu Kenya ni P3. Ukizichanganya, msomaji mmoja atakifunga kitabu. Nenda kituoni uulize. Wengi hujibu vizuri wakijua ni hadithi.

Mchapishaji ananipa mrabaha wa asilimia 10. Ni haki? (Arusha)

Asilimia 10 ya nini? Kitabu kikiuzwa shilingi 10,000 na duka likapewa punguzo la asilimia 35, mchapishaji anapokea 6,500. Asilimia 10 ya bei ya jalada ni 1,000 kwa nakala. Ya kile anachopokea mchapishaji ni 650. Kwa nakala 2,000 hiyo ni tofauti ya shilingi 700,000, na yote imejificha kwenye neno moja la mkataba. Dai pia kifungu cha kurudishiwa haki zako kitabu kikiisha madukani na kisichapwe tena, tuseme, ndani ya miezi 12 tangu uandike barua. Barua hiyo iwe na tarehe, na nakala ubaki nayo.