Kupoteza harufu baada ya mafua: kujipima, na kuifundisha pua upya

Mleta uzi, umeeleza kwamba mafua yameisha miezi minne sasa na hunusi kitu, kisha wiki hizi mbili kahawa na kitunguu kinachokaangwa vimeanza kunuka kama mpira unaoungua. Hapo juu mchangiaji mmoja kakushauri ujifukize Vicks hadi machozi yatoke, mwingine kasema utie matone ya zinki puani. Nianze na hao wawili, maana mmoja wao anaweza kukuharibia kabisa.

Zinki puani usithubutu. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwatahadharisha watu waache dawa za mafua zenye zinki za kuweka puani, baada ya kupokea taarifa zaidi ya 100 za watumiaji waliopoteza uwezo wa kunusa. Chumvi za zinki huziua zile zile seli unazotaka ziote tena.

Vicks haiui, ila inakudanganya. Ukivuta mentholi, amonia, siki kali au pilipili, unachohisi si harufu. Ni ubaridi na mwasho unaobebwa na neva nyingine kabisa, trijemina, ile inayohudumia uso, macho na meno. Mtu asiyenusa chochote bado atarusha kichwa akisogezewa amonia. Kwa hiyo "nimejipima kwa Vicks, nasikia kidogo" haina maana yoyote.

Kunusa kwenyewe kunafanyika kwenye kiraka kidogo cha utando kilicho juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho. Neva za hapo hupenya vitundu vya mfupa mwembamba na kuingia ubongoni moja kwa moja. Wanasayansi Linda Buck na Richard Axel walionyesha mwaka 1991 kwamba kuna familia kubwa ya jeni za vipokezi vya harufu, yaani vinasa harufu vilivyo kwenye seli, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina takriban 400 zinazofanya kazi, na kila seli ya kunusa hubeba aina moja tu. Ubongo hauitambui kahawa kwa kipokezi kimoja, bali kwa mkusanyiko wa vingi vilivyoamshwa pamoja.

Virusi vya mafua na vya korona huvuruga hapo. Kwa korona, tafiti za mwaka 2020 zilionyesha kwamba kipokezi cha ACE2, mlango wa virusi, kipo kwenye seli tegemezi zinazozizunguka na kuzitunza seli za kunusa, si kwenye seli za kunusa zenyewe. Ndiyo maana wengi hurudiwa na harufu ndani ya wiki chache. Kwa wengine uharibifu unafika mbali na seli mpya lazima ziote kutoka chini ya utando. Bahati nzuri hizi ni miongoni mwa seli chache za fahamu ambazo mwili huzizalisha upya maishani.

Na hiyo kahawa yako? Huo ni upotofu wa harufu, parosmia. Seli zinaporudi hazirudi zote kwa pamoja. Ni kama taarab ambayo wapiga ngoma wamefika na wenye fidla bado wako njiani: wimbo ni ule ule, ila hautambuliki. Mwaka 2022 kikundi cha Jane Parker wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, kiliitenganisha harufu ya kahawa molekuli moja moja na kuwanusisha watu wenye tatizo hili. Zilizowakera zaidi zilikuwa molekuli chache zenye nguvu nyingi, hasa zenye salfa, zinazozaliwa kahawa inapokaangwa. Vitunguu, vitunguu saumu, nyama ya kuchoma na mayai huangukia kundi hilo hilo. Basi kwa sasa kula vitu vya baridi au vilivyochemshwa: wali, mtindi, matunda, viazi. Kikaango kipishe pembeni. Mara nyingi parosmia hujitokeza miezi kadhaa baada ya harufu kupotea, na ni dalili kwamba kitu kinaota. Haipendezi, lakini si habari mbaya.

Kabla ya tiba, jipime. Tafuta vitu sita visivyowasha: kahawa ya unga, vanila, mdalasini, waridi, ganda la chungwa, sabuni ya kufulia ya mche. Weka kila kimoja kwenye kichupa kilichofunikwa kwa karatasi usione ndani. Mtu mwingine akufunge macho, akusogezee kimoja kimoja bila mpangilio, na kila mara akutajie majina manne uchague moja. Ni lazima uchague, hata kama hujui. Rudia hadi zifike mara 12. Kwa kubahatisha tu utapata kama 3, hivyo 3 au 4 ni sawa na kutonusa. Ukipata 9 au 10, unanusa kuliko unavyodhani. Aingize na kichupa kitupu mara mbili tatu bila kukwambia. Ukidai kwa uhakika kwamba nacho kinanukia, ubongo wako unabuni. Andika namba na tarehe.

Hospitalini hutumia kalamu za harufu za Kijerumani za Sniffin' Sticks, zenye sehemu tatu za alama 16, jumla 48. Alama 16 kushuka chini huhesabiwa kutonusa kabisa. Kuna pia vijitabu vya Marekani vya kukwangua na kunusa, vya harufu 40, ila vina harufu ambazo mtu wa huku hajawahi kukutana nazo, kama soda ya "root beer". Mtu anafelishwa na utamaduni, si pua.

Sasa mafunzo. Yalitokana na utafiti wa Thomas Hummel na wenzake huko Dresden, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2009: harufu nne, asubuhi na jioni, wiki 12. Nne hizo ni waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Kwetu Pwani tatu kati yake ziko sokoni, na ya nne ina duka lake.

Tafuta chupa nne za kioo zenye mdomo mpana, ujazo wa mililita 50 hivi, za rangi ya kahawia ukizipata. Plastiki hunywa harufu na kuichanganya na ya jana. Ndani weka pamba. Mafuta ya mkaratusi tia mililita 1, kama matone 20. Yafungie mbali na watoto, maana yakimezwa hata kidogo ni sumu. Karafuu chukua kavu nzima 10, ziponde siku hiyo ya kuanza, badilisha kila wiki. Mafuta ya karafuu nayo yanafaa, ila yasiguse ngozi ya pua, yanaunguza. Limau tumia ganda la juu lililokwaruzwa, na usikae nalo zaidi ya siku mbili, litaota ukungu. Waridi ndilo lenye mtego. Manukato ya dukani yenye spiriti huchoma, na hapo umerudi kulekule kwa trijemina. Tafuta mafuta ya waridi yasiyo na spiriti. Kama ni ya bandia usijali, hata Dresden walitumia feniletili alkoholi, kemikali moja tu inayonukia waridi. Maji ya marashi mara nyingi ni hafifu mno kwa mtu aliyepoteza harufu.

Waridi lina faida nyingine: haliwashi. Mkaratusi utakupa ubaridi hata kama hunusi, na karafuu itakupa mchomo kidogo. Wengi hushangilia wiki ya kwanza kwa sababu hiyo. Chupa ya kuiamini ni ya waridi.

Kunusa: shika chupa sentimita 2 au 3 kutoka puani, vuta pumzi fupi fupi za taratibu, si mvuto mmoja mkubwa. Utafiti wa awali ulikuwa sekunde 10 kwa kila harufu. Wengi sasa huenda hadi 20. Pumzika nusu dakika, nenda inayofuata. Soma jina kwenye lebo na uikumbuke harufu yenyewe, wapi uliinusa, ilikuwaje. Usifanye huku unaangalia simu. Dakika tano zinatosha, mara mbili kwa siku, kabla ya kula.

Makosa yanayoua zoezi hili ni yale yale: kuongeza mafuta mpaka chupa inachoma macho, kuacha wiki ya nne kwa sababu "hakuna kitu", na kutobadilisha vilivyomo vikachakaa. Wiki ya 12 jipime tena kwa vichupa vile vile. Kama namba imepanda hata kidogo, endelea na harufu nne mpya (mdalasini, mchaichai, iliki na asumini, kwa mfano) hadi miezi 6 au 9. Ikigandia pale pale, bado endelea, huku ukimwona daktari wa masikio, pua na koo.

Hayo yote ni kwa pua iliyo wazi. Kama harufu yako huja na kuondoka, au pua imeziba miezi yote hiyo, yaelekea ni mzio au vinyama vya puani, na mafunzo pekee hayatakusaidia sana. Hapo ni kuosha pua na dawa ya kupuliza ya steroidi (ya kutuliza uvimbe) aliyoandika daktari. Maji ya kuoshea: nusu lita iliyochemshwa ikapoa, chumvi kijiko kimoja cha chai cha usawa. Maji ya bomba au ya kisima bila kuchemsha hapana. Kuna amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, iitwayo Naegleria fowleri, ni nadra, lakini ikipita puani huua. Dawa ipulizie kwa mkono wa upande wa pili, kichwa kimeinama, ncha ikielekea upande wa sikio. Wanaoelekeza katikati ndio wanaotokwa damu.

Usisubiri wiki 12 kama harufu imepotea tundu moja tu, kama damu hutoka upande mmoja, kama ulianguka na sasa maji maangavu yenye chumvi yanachuruzika puani, au kama macho yameanza kupunguza uoni. Mzee anayepoteza harufu polepole bila mafua, huku mwendo unapungua au mkono unatetemeka, apelekwe kwa daktari wa neva. Kupotea kwa harufu huweza kuutangulia Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, kwa miaka.

Na leo leo, si kesho, shughulikia gesi ya jikoni. Gesi ya mtungi huwekwa kemikali yenye uvundo ili uvujaji ujulikane, na wewe huusikii. Paka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye kichwa cha mtungi kila unapobadilisha. Mapovu yakiota, funga. Ukinunua king'ora cha gesi, kifunge chini, sentimita 30 hivi kutoka sakafuni, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hulala chini. Mafundi wengi hukifunga juu ukutani kama cha moshi, nacho hakitalia mpaka gesi ishajaa chumba.