Hb nzuri isikutulize kwa majeruhi

Umeuliza kama Hb (hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu) ya 13 kwa majeruhi wa bodaboda inatosha kusema yuko salama. Haitoshi. Anayevuja damu ghafla hupoteza seli na maji kwa pamoja, hivyo Hb hubaki juu mpaka dripu au maji ya mwilini yaizimue damu iliyobaki. Pima laktati, kemikali inayopanda kwenye damu viungo vinapokosa oksijeni ya kutosha. Chini ya 2 mmol/L ni kawaida. Ikifika 4, mchukulie kuwa hatarini hata presha ikisoma 120/80, hasa kijana, maana mishipa yake hujikaza na kuficha upungufu.

Rudia baada ya saa 2. Isiposhuka, tafuta panapovuja: kifua, tumbo, nyonga, mapaja.

Kinachoharibu majibu mara nyingi ni sampuli. Tumia chupa ya kifuniko cha kijivu, igeuzegeuze taratibu ichanganyike, ipeleke maabara mara moja. Kwenye chupa ya kawaida seli huendelea kula glukosi na laktati hupanda yenyewe. Pombe, degedege na adrenalini nazo huipandisha. Ila usisubiri majibu ndipo ubane jeraha, na asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu), gramu 1 ikiingizwa polepole kwa dakika 10, ianze ndani ya saa 3 tangu ajali.